Mbwa Akifa Ugogo, Nani Analipa?

   Bumu limeingia, bumu limeisha, maisha yanasonga... Leo sina stori za foleni ya msosi wala za watu kukamatwa na supu. Leo nataka tupige historia kidogo, ila ni historia ya kitu ambacho sijawahi kuona mhadhiri akitupa kama asaimenti: kifo cha mbwa.

Najua kuna atakayecheka. "Watu wanakosa dawa, wewe unaongelea mbwa?" Sawa, cheka, ila usiondoke. Ukiifuatilia hii mada utakuta ndani yake kuna misafara ya Bagamoyo, kuna sotoka, kuna Wajerumani wa Mpwapwa, kuna kichaa cha mbwa kinachoua watu mpaka leo, na kuna mzee mmoja mlinzi wa mtaani kwetu ambaye mwaka jana ilibidi afanye uamuzi mgumu kuliko mitihani yetu yote. Tutamfikia.

Hoja yangu naiweka mezani mapema, mtu asije akasema nimezunguka. Katika nyanda hizi za kati, mnyama akiwa mahututi swali la kwanza limekuwa ni lile lile kwa miaka 150 na zaidi: nani alipe, na analipia nini? Kwa ng'ombe jibu lilipatikana mapema. Kwa mbwa jibu halikutafutwa kabisa, na ndiyo maana mpaka leo wengi wetu tunajua milango miwili tu: aachwe ajifie mwenyewe, au apigwe. Mlango wa tatu upo. Tatizo ni kwamba hatukuonyeshwa.

OMAR HAKUFIKA UGOGO

Tuanze na mwaka 1871. Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, anatoka Bagamoyo mwezi Machi kwenda kumtafuta Livingstone. Hii mnaijua tangu shule ya msingi. Ambacho hatukufundishwa ni kwamba jamaa alikuwa na farasi wawili, punda kibao, na mbwa mlinzi anaitwa Omar, aliyetoka naye India.

Farasi hawakufika mbali. Bado wako huku huku karibu na pwani, kwenye kijiji cha Kingaru, farasi wa kijivu aliyekuwa zawadi ya Sultani Barghash wa Zanzibar akafa. Stanley akampasua tumbo kujua kilichomuua, akakuta minyoo, kisha akaamuru azikwe vizuri ili asinuke karibu na kambi. Unaona ni jambo la kistaarabu, siyo? Basi mkuu wa kijiji akaja juu. Nani amekuruhusu kuzika farasi kwenye ardhi yangu? Faini doti mbili za merikani!

Kwa wasiojua, doti ni kipande cha kitambaa cha yadi 4, na merikani ni ile pamba ya Kimarekani ambayo enzi hizo ndiyo ilikuwa hela yenyewe ya njiani. Yaani farasi wa watu amekufa na bado unadaiwa ada ya kaburi. Stanley akajibu sawa, kama shida ni ardhi yako basi askari wangu watamfukua, tumwache hapo juu kama alivyokufa. Mzee akaona huo uvundo utakuwa wa kwake mwenyewe, akalainika, farasi akabaki shimoni. Haikuchukua hata siku moja, farasi wa pili naye akafa.

Chanzo chetu ni kitabu cha Stanley mwenyewe, na tunajua alivyopenda kujitoa mjanja kila anapogombana na mtu. Kwa hiyo meza na maji. Ila hata ukipunguza chumvi, kisa kinabaki na maana. Yule mkuu wa kijiji hakuwa mjinga. Alikuwa anauliza swali la msingi kabisa: mzoga wa mnyama wako ukibaki kwangu, gharama ni ya nani? Manispaa zote duniani zinauliza swali hilo hilo hadi leo.

Omar yeye aliendelea kutembea. Akavuka mbuga ya matope ya Makata, ile iliyowamaliza punda na wapagazi wakati wa mvua. Halafu akiwa karibu kabisa kuingia Ugogo, tumbo likamshika, akafa. Stanley anasikitika kwenye kitabu, na sikitiko lake lina hesabu ndani: mbwa amekufa mlangoni mwa nchi ambayo ulinzi wake ndiyo ungehitajika zaidi. Ugogo ilikuwa inaogopwa na kila msafara. Kulikuwa na Marenga Mkali, mwendo mrefu usio na maji kutoka upande wa Mpwapwa, halafu ukivuka unakutana na watemi wanaodai hongo kila baada ya kituo. Mbwa wa kulinda mizigo usiku alikuwa na thamani kuliko askari anayesinzia.

Hakuna mahali unaposoma kwamba kuna mtu alijaribu kumpunguzia Omar maumivu. Simlaumu mtu. Msafara haukuwa na namna. Hata binadamu waliachwa: baharia wa Kiskoti aliyekuwa na Stanley, William Farquhar, alivimba miguu akashindwa kutembea, akaachwa Mpwapwa na mtu wa kumhudumia pamoja na vitu vya kulipia matunzo yake. Baada ya muda mfupi akafa. Kwenye njia ile ukishindwa kutembea, kilichobaki ni mazungumzo ya vitambaa na shanga.

BWANA MIFUGO, SIYO BWANA MBWA

Sasa tuwaache wasafiri, turudi kwa wenyeji. Wagogo ni watu wa ng'ombe, hilo halina mjadala. Ng'ombe ni mahari, ni akiba ya mwaka wa njaa, ni kamba ya kufunga undugu. Na Dodoma mnajua njaa ilivyo sehemu ya historia yake. Ile ya Mtunya ya 1917 hadi 1920, iliyokuja baada ya majeshi ya Vita ya Kwanza kuchukua vyakula, mifugo na wapagazi huku mvua zikikataa, bado ina jina lake mpaka leo. Kwenye nyumba ya tembe, ile ya paa bapa la udongo, zizi liko katikati na watu wamelizunguka. Mchoro wenyewe unakwambia nani ni mali.

Na mbwa je? Yuko nje. Analinda fisi asiingie zizini, anakwenda machungani na vijana, anawinda. Kazi anafanya, tena ya kufa na kupona. Ila hayumo kwenye mahari na hayumo kwenye akiba. Siku akishindwa kazi hakuna mwenye deni naye.

Kisha ikaja sotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa huu ulifagia ng'ombe wa Afrika Mashariki kwa namna ambayo wazee waliisimulia vizazi na vizazi. Wajerumani walipotulia madarakani wakaona wazi kwamba koloni bila ng'ombe ni hasara, na mwaka 1905 wakaanzisha maabara ya mifugo Mpwapwa. Wadau, hii ni historia ya hapa hapa kwetu! Kabla reli haijafika Dodoma (ilifika 1910), tayari kulikuwa na maabara ya magonjwa ya wanyama Mpwapwa. Waingereza wakaikuta wakaiendeleza, na mpaka leo Mpwapwa ni jina kubwa: kuna chuo cha mifugo, kuna utafiti, kuna hata aina ya ng'ombe inayoitwa Mpwapwa. Sotoka yenyewe ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Ni ugonjwa wa pili tu kufutwa kabisa na binadamu, baada ya ndui. Kazi kubwa ya chanjo yake alifanya Walter Plowright akiwa jirani tu hapo Muguga, Kenya.

Ninachotaka mkione ni hiki. Tiba ya wanyama kwetu iliingia kupitia mlango wa zizi. Sikiliza hata lugha yenyewe: mtaalamu anaitwa bwana mifugo. Hakuna bwana mbwa! Na mfugo kwenye kichwa cha Mtanzania ni kitu unachokula, unachokamua, unachouza au unachotolea mahari. Ukienda kwa bwana mifugo na mbwa mgonjwa kuna uwezekano mkubwa watu kwenye benchi wakakutazama mara mbili. Hawana roho mbaya. Ofisi yenyewe ilijengwa kwa ajili ya ng'ombe tangu msingi wake.

MBWA ANAINGIA KWENYE FAILI LA SERIKALI

Ni lini basi mbwa aliingia kwenye vitabu vya serikali? Aliingia kama mshitakiwa.

Kichaa cha mbwa. Paris, Julai 1885, Louis Pasteur anamchoma chanjo mtoto Joseph Meister aliyeng'atwa, na mtoto anapona. Kenya mbwa wa kwanza kuthibitishwa kuwa na ugonjwa huu ilikuwa 1912, eneo la Nairobi. Kuanzia hapo tawala za kikoloni za ukanda wetu zikamshika mbwa kwa namna moja: leseni, kufungwa kamba, na risasi kwa anayezurura. Na hilo la kuua mbwa wa mitaani halikuanzia Afrika. Kule Bombay mwaka 1832, Waingereza walikuwa wanalipa watu kwa kila mbwa wanayemuua. Waparsi, ambao mbwa ana nafasi kwenye dini yao na hasa kwenye mazishi, wakachoka, mji ukasimama kwa fujo na mgomo. Yaani kuna watu waliwahi kupigana na dola kwa sababu ya jinsi mbwa anavyokufa.

Kwa mkoloni hesabu ilikuwa rahisi: risasi moja ni bei rahisi kuliko kitu kingine chochote. Tukapata uhuru, hesabu tukairithi kama ilivyo. "Mbwa koko wauawe" ni tangazo ambalo kila mmoja wetu amelisikia utotoni, awe wa Kondoa, Manyoni au Kongwa.

Sasa kaa vizuri, maana hesabu yenyewe ilikuwa mbovu. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kuwa kuua mbwa kwa wingi hakumalizi kichaa. Kisiwa cha Flores, Indonesia, ugonjwa ulipoingia mwishoni mwa miaka ya 1990 waliua karibu nusu ya mbwa wote. Ugonjwa ukabaki pale pale. Mbwa wakipungua watu wanaleta wengine, wasiochanjwa, na wenye mbwa wanawaficha au kuwahamisha, virusi navyo vinasafiri nao. Kinachofanya kazi ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Mfano uko nyumbani: Pemba walichanja, mzunguko wa ugonjwa ukakatika 2014, ukarudi 2016, wakachanja tena, ukakatika tena 2018.

Na gharama? Kichaa cha mbwa kinaua watu wanaokadiriwa 59,000 kila mwaka duniani, wengi watoto, wengi Afrika na Asia. Kwa Tanzania makadirio ya watafiti yamekuwa kama watu 1,500 kwa mwaka. Utafiti uliofuatilia watu waliong'atwa wilaya za Serengeti na Ngorongoro kati ya 2002 na 2006 ulikuta kwamba wengi waliokamilisha sindano zote walitumia zaidi ya dola 100 kwa mtu mmoja. Dola 100 kwa mkulima wa kijijini! Kuna waliouza mifugo, na kuna waliochelewa wakitafuta hela, na kwenye ugonjwa huu ukichelewa mpaka dalili zikitokea ndiyo basi tena. Hapo ndipo utaona kwamba kifo cha mbwa siyo jambo la mwenye mbwa peke yake. Chanjo ya mbwa iliyookolewa hela leo inalipwa kesho na mtoto wa jirani.

Kwa hiyo tahadhari hii isiwapite. Mbwa akibadilika ghafla, akawa mkali bila sababu au mpole kupita kiasi, anatoka mate, anashindwa kumeza, sauti imebadilika, usimguse na usimlishe dawa mdomoni. Mwite mtaalamu. Ukishang'atwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Na yule mbwa, kama anaweza kufungiwa salama, asipigwe papo hapo akatupwa korongoni. Anatazamwa siku 10. Akibaki mzima, hakuwa na virusi kwenye mate siku aliyong'ata. Akifa, ubongo wake unapimwa na maabara inasema. Ukimponda kichwa na kumtupa, umeua na ushahidi.

WENZETU NAO WALIPITIA HUKU HUKU

Kuna dhana kwamba kuhangaika na mbwa anayekufa ni mambo ya kizungu, ya watu walioshiba. Historia inakataa kidogo. Ni kweli Paris walifungua makaburi ya mbwa huko Asnières mwaka 1899 na matajiri wakajenga minara ya marumaru. Lakini London ya maskini ilikuwa kama sisi tu. Mpaka mwaka 1917 mtu wa kipato cha chini kule East End mnyama wake akiumia alikuwa na chaguo mbili: amwache ateseke au amzamishe. Daktari wa wanyama alikuwa wa farasi wa matajiri. Ndipo mama mmoja, Maria Dickin, akafungua zahanati kwenye chumba cha chini ya ardhi mtaa wa Whitechapel na kuandika mlangoni kwamba wanyama wagonjwa wa maskini watatibiwa bure. Watu wakajaa. Kumbe maskini hawakukosa huruma, walikosa hela.

Na kingine cha kushangaza: Septemba 1939, vita ilipotangazwa, wakazi wa London waliwapeleka wenyewe mbwa na paka wao kuuawa, takriban 400,000 katika siku chache tu za mwanzo. Serikali haikuwaamuru. Ni hofu: mabomu, chakula, nani atamlisha. Baadaye wengi walijuta, maana mabomu yenyewe yalichelewa kwa miezi. Somo ni kwamba uamuzi wa mwisho wa mnyama ukifanywa kwa hofu, au kwa kufuata mkumbo, unakuwa uamuzi mbaya hata katika nchi yenye madaktari kibao.

BOBI WA MZEE

Sasa tuje kwa mzee niliyemtaja. Mtaani tunapopanga wanafunzi wengi, siyo mbali na chuo, kuna mlinzi wa usiku, Mgogo wa Mvumi, sisi tunamwita Babu. Ana mbwa anaitwa Bobi, na tangu mzee aanze lindo pale wamekuwa wote, miaka 12. Mwaka jana kiangazi Bobi akavimba tumbo upande mmoja, akaacha kula, miguu ya nyuma ikagoma. Usiku unamsikia analia kidogo kidogo, siyo kubweka.

Mtaa ukagawanyika. Kundi la kwanza: apelekwe porini tu, fisi atamaliza. La pili: kuna kijana hapo juu anampiga rungu moja, elfu tano yake, kwisha habari. La tatu, wengi wasichana wa mwaka wa kwanza, wakataka awekewe dripu apone. Roommate wangu wa Kondoa, Mwislamu safi, hagusi mbwa kwa sababu ya mate, lakini ndiye aliyekuwa anamwekea maji kila asubuhi. Nilipomtania akanikumbusha ile hadithi ya mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu akasamehewa dhambi. Nikanyamaza.

Tukachanga, watu 20, buku mbili mbili. Akaja daktari wa mifugo kijana kwa bodaboda. Akampapasa Bobi muda mrefu, halafu akamwambia Babu ukweli bila kuzunguka: hiki ni kivimbe, kimeshasambaa, mbwa ni mzee, upasuaji hapa haupo na hata ungekuwepo hautamfaa. Naweza kukupa dawa ya maumivu ya siku chache. Au naweza kumpumzisha.

Babu akakasirika. Kwa nini nimuue? Huyu kanilinda miaka 12, wezi wawili kawashika, leo nimwite mtu amuue? Unaona hapo, wadau, historia yote niliyoandika juu ilikuwa imekaa kwenye hilo swali. Kwa Babu neno "kuua mbwa" lilikuwa na picha moja tu: risasi ya serikali na rungu la vijana. Adhabu ya mbwa mkosaji. Bobi alikuwa hajakosa.

Daktari hakubishana. Akakaa chini kwenye tofali, akamwelezea hatua kwa hatua. Kwanza sindano ya kumlaza usingizi, kama mtu anayekwenda kupasuliwa. Akishalala hasikii kitu. Kisha sindano ya pili, ya mshipa, dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa, pumzi inasimama halafu moyo. Dakika chache. "Babu, ugonjwa ndio unaomuua. Mimi nitakachofanya ni kuondoa siku za kulia." Akamwambia pia kwamba si lazima aamue leo.

Babu aliomba usiku mmoja. Dawa ya maumivu ikatolewa, Bobi akalala bila kulia. Asubuhi Babu mwenyewe akapiga simu. Alimshika kichwa mpaka mwisho. Zile elfu 40 zilitosha kila kitu, na Babu alikataa tusimlipie nauli ya daktari. Hiyo alitoa mfukoni kwake.

Kuzika ndiko kulikotutoa jasho, mnajua ardhi ya Dodoma ya kiangazi ilivyo kama saruji. Daktari alisisitiza shimo refu, kifuani kwa mtu mzima, na mawe juu. Sababu ni kwamba ile dawa inabaki kwenye mwili. Fisi, tai au mbwa mwingine akifukua na kula, naye anaweza kufa. Hapo mkuu wa Kingaru wa 1871 angefurahi, walau sisi tuliomba ruhusa ya mwenye kiwanja kabla ya kuchimba!

MLANGO WA TATU

Nilichojifunza kwa kusoma na kwa kuona ni kwamba vyombo vyote vya kumsaidia mbwa kufa vizuri tunavyo. Madaktari wa mifugo wamefundishwa Morogoro tangu 1976, kabla hata SUA haijawa chuo kikuu kamili mwaka 1984. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008, inakataza ukatili na inataka mnyama akiuawa asiteswe bila sababu. Yaani yule kijana wa rungu na elfu tano yake anacheza na sheria, ingawa mtaani hakuna anayejua. Dodoma yenyewe siyo ile ya zamani. Tangu serikali ianze kuhamia 2016 na mji kuwa jiji 2018, nyumba za mageti zimeota kila upande, na ukipita Iyumbu au Nzuguni jioni kila geti linabweka. Mbwa hao wote wanazeeka. Nani ameshapiga hesabu ya siku yao ya mwisho?

Hesabu yenyewe siyo kubwa kama tunavyoogopa. Kwa Bobi ilikuwa chini ya bei ya simu iliyotumika. Kilichokuwa ghali ni vitu vingine viwili: kujua kwamba jambo hilo lipo, na moyo wa kuamua. Dripu na sindano za kumvuta mbwa mzee wiki mbili zaidi zingekula hela mara tatu, na tungekuwa tunanunua siku za kulia. Kumwacha porini ni bure, ila anayelipa ni mbwa. Rungu ni rahisi, ila analipa mbwa pia, na analipa mtoto anayetazama. Na kama ni kichaa, anaweza kulipa mtaa mzima.

Siwaambii kila mbwa adungwe sindano. Kuna mgonjwa anayepona, na kuna mzee anayejifia usingizini kwenye kivuli bila kumsumbua mtu. Huyo mwache. Nasema tu kwamba tuache kudhani kuna milango miwili, kwa sababu hiyo miwili tuliachiwa na msafara uliokuwa na haraka na serikali iliyokuwa inahesabu risasi. Ukiwa na mbwa, mchanje kila mwaka, tafuta namba ya daktari wa mifugo wa kata yako kabla hujaihitaji, weka akiba hata ya buku kumi. Na siku ikifika, uliza swali la Babu: huyu kakosa nini? Kama hajakosa, usimpe adhabu.

Haya, nimeandika mpaka kidole kinauma na kesho nina prezentesheni saa mbili asubuhi. Wenye visa vya kwenu kuhusu mbwa wa babu na bibi leteni, hasa wa Kongwa na Bahi, nataka kujua wazee wenu walifanyaje. Wale wa mifugo kama nimekosea dozi nirekebisheni bila matusi.

Tuko pamoja. Alamsiki.